Dawa za kulainisha makohozi kwa mwenye kifua sugu: mwongozo kamili, kuanzia kipimo hadi kutema

Kuna kitu kimoja nataka kiingie kichwani kabla hatujaenda mbali, manake hapa ndo watu wengi wa huku kwetu Tabora wanapotea na hela inaisha: dawa ya kulainisha makohozi haitoi makohozi. Inayalegeza tu. Kuyatoa ni kazi yako mwenyewe, kwa maji, kwa pumzi na kwa kukohoa kwa utaratibu, na usipoifanya hiyo kazi utamaliza chupa na boksi na kifua kitabaki kinakoroma vilevile halafu utasema dawa feki.

Naandika kwa ajili ya mtu mzima mwenye kifua kinachorudi rudi, yule akiamka asubuhi ni kubanja na kutema kabla hata hajanawa uso, miezi kwa miezi, mwaka hadi mwaka. Tunao wengi. Wapo wazee wa Urambo, Kaliua na Sikonge waliozeekea kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto, usiku kucha wanachochea moto usizime, wapo kina mama wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, wapo waliopona TB wakabaki na makovu kwenye mapafu, na wapo wavuta sigara ambao wenyewe wanajijua. Kama we una mafua ya wiki hii tu basi huu sio mwongozo wako, kunywa maji pumzika yataisha.

HATUA YA 1: JUA KWANZA NI KIFUA GANI

Mimi niko upande wa kaunta, nauza dawa, na mazungumzo yanayojirudia ni haya:

"Mwangaluka mwanangu, nipe ile dawa ya kukata makohozi."
"Mwangaluka baba, shikamoo. Kikohozi kina muda gani?"
"Aaa, tangu msimu wa tumbaku wa mwaka jana."
"TB umepima?"
"We nipe dawa mwanangu, gari linaniacha."

Sasa gari likuache tu baba. Kikohozi kikifika wiki mbili unapima TB, hilo halina mjadala, kipimo ni bure na dawa zake ni bure, iwe hospitali ya mkoa ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu yako, unatoa makohozi kwenye kikopo yanapimwa kwa mashine ya GeneXpert au kwa hadubini. Kukaa miezi unakunywa sirapu huku una TB maana yake unawaambukiza wajukuu unaolala nao chumba kimoja, na pafu linazidi kuliwa.

TB ikiwa haipo ndo daktari anaanza kuchambua. Kuna ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, wenyewe hospitali wanauita COPD, huo ndo wa moshi na sigara, na ndani yake kuna bronkaitisi sugu ambayo kwa vitabu ni kukohoa na makohozi angalau miezi 3 kwa mwaka, miaka 2 mfululizo. Kuna bronkiektasisi, yaani mirija ya hewa imetanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo na wadudu wanafanya makazi, na huku kwetu sababu moja kubwa ni TB ya zamani au nimonia mbaya ya utotoni. Kuna pumu. Halafu kuna vikohozi ambavyo dawa ya makohozi haivigusi kabisa na hivi watu wanavisahau: moyo ukichoka maji yanajaa mapafuni, unakohoa ukilala chali, miguu inavimba, hapo unahitaji dawa za moyo, na zile dawa za presha za jamii ya kaptopuri, enalapuri na lisinopuri zinawaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kinachotekenya koo mchana na usiku. Kama ulianza dawa ya presha afu kikohozi kikafuata, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie, usiiache mwenyewe kimya kimya.

Uliza pia kama unaweza kupigwa eksirei ya kifua na kupuliza ile mashine ya kupima nguvu ya mapafu. Mashine haipatikani kila kituo, ila pale ilipo usiiruke, ndo inatenganisha vizuri pumu na COPD, na matibabu yake makuu hayafanani.

HATUA YA 2: ELEWA KINACHOENDELEA HUMO NDANI

Fupi tu. Ute kwenye mirija ya hewa sio adui, unanasa vumbi na vijidudu, halafu kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho vinausukuma juu kidogo kidogo mpaka kooni, unaumeza bila kujua. Moshi unavilemaza hivyo vinyweleo na wakati huohuo unavimbisha tezi zinazotengeneza ute, kwa hiyo unazalishwa mwingi na wa kuusukuma hayupo. Ukikaa unakauka na kushikana kama asali ya msimu wa baridi ilivyoganda kwenye ndoo, kuimimina huwezi mpaka uilegeze. Kinachoushikanisha ni protini ndefu zilizofungwa kwa vifundo vya salfa, na kukiwa na usaha vinaongezeka vipande vya DNA kutoka kwenye seli zilizokufa, ndo maana makohozi ya kijani ni mazito kuliko meupe. Dawa tofauti zinashambulia sehemu tofauti za huo mnato, na kwa hiyo sio kila dawa ya makohozi ni sawa na nyingine.

HATUA YA 3: ZIJUE DAWA MOJA MOJA

Majina nimeyaandika kwa matamshi yetu, kwenye boksi utayakuta kizungu herufi zinapishana kidogo, soma kwa sauti utaitambua. Na dozi ninazotaja ni za mtu mzima, za kukusaidia kuelewa ulichoandikiwa, sio za kujiandikia.

Kabosisteini. Hii kwa COPD yenye makohozi mengi ndo inaandikwa sana duniani. Inafanya tezi zitoe ute mwepesi zaidi. Kapsuli zake nyingi ni miligramu 375, unaanza na kapsuli 2 mara 3 kwa siku, ambayo ni gramu 2.25 kwa siku, halafu makohozi yakishalegea unashuka hadi gramu 1.5, yaani kapsuli 2 asubuhi na 2 jioni. Watu wengi wanabaki kwenye dozi kubwa mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyewaambia washuke! Ipo na ya sirapu kwa asiyeweza kumeza kapsuli, mwenye kisukari aulize kama ina sukari. Sasa angalizo kubwa: vidonda vya tumbo. Tumbo lenyewe limejikinga na asidi kwa ute, na dawa inayochezea ute haichagui ya kifuani peke yake. Mwenye vidonda ambavyo viko moto sasa hivi haitumii kabisa, na aliyewahi kuwa navyo aseme mapema. Ukianza kuitumia ukaona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, acha na uende hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza aiepuke.

Asetilisisteini, wengine wanaiita NAC. Hii inakata vile vifundo vya salfa moja kwa moja. Mara nyingi ni kidonge cha kuyeyusha kwenye maji, miligramu 600 mara 1 kwa siku, au 200 mara 3. Unakitia kwenye glasi ya maji, kinatoa povu, kinaisha, unakunywa hapohapo, hukitafuni wala hukimezi kikavu. Harufu yake ni ya yai viza, usishtuke ukadhani imeharibika, ni ile salfa. Vidonge vya povu vina chumvi ya sodiamu ndani kwa hiyo mwenye presha au moyo amwambie daktari, na anayetumia dawa ya naitrogliserini ya maumivu ya moyo pia aseme, zikikutana presha inaweza kushuka ghafla na kichwa kuuma sana. Mwenye pumu awe mwangalifu maana inaweza kubana kifua, hasa ile ya kuvuta kwa nebulaiza, yaani mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta. Hii ni dawa ileile ambayo hospitali wanaitumia kumwokoa mtu aliyekunywa parasetamoli kupita kiasi, ila hiyo ni dozi nyingine kabisa.

Bromheksini na ambroksoli ni ndugu, ya pili ni kile ambacho mwili unakitengeneza kutokana na ya kwanza. Bromheksini kawaida miligramu 8 mara 3 kwa siku, ambroksoli miligramu 30 mara 2 au 3. Zinauzwa sana madukani, bei yake kwa kawaida inabebeka. Angalizo la vidonda vya tumbo lipo pia. Na mwaka 2015 wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliagiza maandishi ya dawa hizi yaongezewe onyo la mzio mkali na madhara makubwa ya ngozi, ni nadra lakini yapo, kwa hiyo ukiona upele unasambaa, ngozi inachubuka au vidonda mdomoni na machoni, unaacha hapohapo, humalizii dozi eti kwa sababu ulishailipia.

Guaifenesini hii iko ndani ya sirapu nyingi za kikohozi. Kazi yake ni kuongeza majimaji kwenye njia ya hewa, dozi miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa 4, isipite 2,400 kwa siku. Kwa kifua sugu ushahidi wake ni mwembamba, mimi sio shabiki wake.

Halafu kuna erdosteini, miligramu 300 mara 2 kwa siku, hii ni ya kipindi kifupi, siku 10 hivi wakati kifua kimeamka.

Kuna na za kuvuta kwa nebulaiza. Maji ya chumvi makali, asilimia 3 hadi 7, yanavuta maji kutoka kwenye kuta za mirija kuja kwenye ute, mtu wa bronkiektasisi anaweza kuandikiwa. Dozi ya kwanza inafanyiwa hospitalini baada ya kuvuta salbutamoli, dawa ya kutanua njia za hewa, kwa sababu yanaweza kukubana kifua palepale. Na tafadhali sana usikoroge chumvi ya jikoni na maji ya bomba ukaweka kwenye nebulaiza, sio maji safi ya hospitali hayo, unaingiza vijidudu hadi chini kabisa ya pafu. Ipo na dornazi alfa, inakata ile DNA ya usaha, hii ni ya ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi tu, walipoijaribu kwa wagonjwa wa bronkiektasisi ya kawaida miaka ya 1990 hali zao zilizidi kuwa mbaya, kwa hiyo ukiiona mtandaoni inasifiwa pita.

Sasa zile sirapu mchanganyiko, hapa nitakaa kidogo. Chupa moja unakuta ina bromheksini, ina guaifenesini, ina salbutamoli na mentoli juu. Salbutamoli ni ileile ya kwenye inhela yako ya bluu, kwa hiyo mzee anavuta inhela, anakunywa sirapu, anameza na kidonge cha salbutamoli alichopewa kijiji kingine, halafu anasema moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka, sasa isimtetemeke vipi! Nyingine zina promethazini au klofenamini, hizi zinakausha na kuleta usingizi. Nyingine zina kodeini au dekstromethofani ambazo zinazima kikohozi. Fikiria mwenyewe: unalegeza makohozi kwa mkono huu, mkono wa pili unazima ile pumzi ya kuyatoa, yanabaki wapi? Yanatuama. Mtu mwenye makohozi mengi hapewi dawa ya kuzima kikohozi. Kwa hiyo geuza chupa, soma upande wenye maandishi madogo, kama husomi vizuri mpe kijana akusomee jina moja moja au muulize muuzaji kuna nini humu ndani, ni haki yako.

HATUA YA 4: NUNUA SEHEMU INAYOELEWEKA

Famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali ukutani. Sio mnadani, sio kwenye basi la Nzega kwa yule anayehubiri dawa moja ya magonjwa arobaini. Angalia jina la kiwanda, tarehe ya mwisho, namba ya toleo, kizibo hakijakatwa. Sirapu iliyomiminwa kwenye chupa ya soda usiiguse. Sisemi haya kutisha watu, mwaka 2022 kule Gambia watoto kadhaa walikufa figo zikishindwa kazi, na shirika la afya duniani likatoa tahadhari kuhusu sirapu zilizokutwa na kemikali za daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu hizo. Ukiwa na wasiwasi na dawa yoyote, TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, ndo wenye kazi hiyo, ripoti.

Na kijiko. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, tumia kile kikombe au kijiko cha kwenye boksi chenye alama ya mililita 5, kama hakipo omba bomba la sindano lisilo na sindano, tunatoa.

HATUA YA 5: JARIBU WIKI NNE, UKIANDIKA

Hii hatua karibu hakuna anayeifanya na kwangu ndo muhimu kuliko zote. Dawa hizi sio za kunywa milele kwa mazoea. Uingereza utaratibu wao kwa mgonjwa wa COPD mwenye kikohozi sugu cha makohozi ni kumjaribu, kisha kuendelea tu kama dalili zimepungua kweli, na wiki 4 zinatosha kuona. Kwa hiyo chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, kila asubuhi andika: makohozi yametoka kwa urahisi au kwa shida, kiasi gani ukilinganisha na jana, rangi gani, usiku umeamka mara ngapi, na kazi moja unayoifanya kila siku umeifanya bila kusimama au umesimama, iwe kwenda kisimani, sokoni au msikitini. Anza kuandika wiki moja kabla ya dawa ili uwe na cha kulinganisha. Baada ya wiki 4 soma kuanzia mwanzo. Imesaidia? Endelea kwa dozi ya chini na umwone daktari. Haijasaidia? Acha, hela hiyo nunua maziwa. Kuacha hakuna shida, hazina ulevi.

Na ujue unachotegemea, nisikudanganye. Tafiti zikijumlishwa pamoja zinaonyesha kwa mtu wa COPD au bronkaitisi sugu dawa hizi zinapunguza kuzidiwa kidogo, wastani ni kama mara moja pungufu kwa kila miaka 3. China waliona kabosisteini mwaka 2008 na asetilisisteini mara 2 kwa siku mwaka 2014 zikipunguza kuzidiwa, lakini utafiti wa Ulaya wa mwaka 2005 uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 3 ulikuta asetilisisteini 600 kwa siku haizuii pafu kuendelea kuchoka. Na kwa bronkiektasisi utafiti wa Uingereza uliotoka 2025 ulikuta kabosisteini na maji ya chumvi havikupunguza kuzidiwa kwa namna ya kueleweka ndani ya mwaka. Kwa hiyo ni dawa ya kukupa wepesi, sio ya kukarabati pafu. Daktari akikupa inhela ile ndo dawa kuu, sirapu haichukui nafasi yake, na mwenye pumu ndo kabisa asijidanganye.

HATUA YA 6: SASA TOA MAKOHOZI

Hapa ndo kazi yenyewe. Fanya asubuhi na jioni, dakika 10 hadi 30, sio mara baada ya kula utatapika. Kunywa maji kwanza, glasi moja au mbili za uvuguvugu, na siku nzima kunywa ya kutosha mpaka mkojo uwe mweupe, isipokuwa kama daktari wa moyo au figo amekupimia maji. Kama una inhela ya salbutamoli vuta kama dakika 15 kabla.

Kaa kwenye kiti wima, mabega yameshuka, mkono mmoja juu ya tumbo. Pumua taratibu kawaida, tumbo linapanda linashuka, kama dakika moja. Halafu vuta pumzi ndefu polepole mpaka kifua kijae, shikilia sekunde 2 au 3, achia bila kulazimisha. Mara 3 au 4 tu, ukizidisha kichwa kitazunguka. Rudi kwenye kupumua taratibu. Sasa fungua mdomo na koo lako, vuta pumzi ya wastani, sio kubwa, kisha puliza "haaa" kwa nguvu ya kadiri na kwa muda mrefu ukikaza tumbo. Weka kioo mbele ya mdomo, kikiingia ukungu umepatia, ikitoka sauti ya kukwaruza koo umekaza koo, legeza. Fanya "haaa" moja au mbili za hiyo pumzi ya wastani, hizo zinayapandisha makohozi ya chini, ukiyasikia yamepanda vuta pumzi kubwa na upulize "haaa" fupi yenye nguvu, kisha kohoa mara moja au mbili, tema. Pumzika. Rudia mzunguko wote mpaka "haaa" itoke kavu mara mbili mfululizo au uchoke.

Kosa la wengi ni kukohoa mfululizo kama wanagombana na kifua, uso unakuwa mwekundu, mbavu zinauma na makohozi hayaji, kwa sababu kukohoa kwa nguvu sana kunaziba mirija iliyolegea kabla ya makohozi kupita. Ile "haaa" inaacha mlango wazi.

Mwenye bronkiektasisi ya upande mmoja alalie upande mzima, ule wenye makohozi uwe juu, afanye mzunguko uleule hapo kitandani. Kuna wanaoinamisha kichwa chini kuliko kiuno, hii usiifanye bila kuelekezwa kama una presha, moyo, kiungulia kikali au umewahi kutema damu. Muulize mtu wa fiziotherapia hospitalini akuonyeshe mara moja kwa mikono yake, utaelewa zaidi ya maneno yangu yote haya.

Temea kwenye kopo lenye mfuniko, mwaga chooni, nawa mikono. Sio nyuma ya nyumba wanapocheza watoto.

Kujifukiza? Mvuke unaweza kukupa nafuu ya muda, lakini sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi na mzee anatetemeka, au mtoto anapita hapo, watu wanaungua vibaya. Ukitaka hewa ya unyevu oga maji ya moto mlango umefungwa, inatosha. Na asali yetu, ndiyo, ni nzuri, inatuliza koo na kikohozi cha usiku, lakini haikati makohozi ya kifua sugu hata ikiwa ya nyuki wadogo, na mtoto chini ya mwaka 1 haruhusiwi asali kabisa.

HATUA YA 7: ONDOA MOSHI, VINGINEVYO UNATWANGA MAJI KWENYE KINU

Kabosisteini asubuhi, sigara mchana, bani usiku. Haiwezekani. Mwenye kifua apewe kazi nyingine msimu wa kukausha, achambue majani nje penye hewa, vijana wachochee moto. Jiko litoke nje au litobolewe dirisha na sehemu ya moshi kutokea juu, kuni zikaushwe maana mbichi ndo zina moshi mzito. Mkaa hauna moshi wa kuonekana lakini una sumu ileile ya kimya, usilale nao chumbani. Najua kumwambia bibi apike nje wakati wa mvua ni rahisi kuandika kuliko kufanya, basi angalau asiwe yeye wa kupuliza moto.

HATUA YA 8: JUA LINI UNAACHA DAWA UNAKIMBIA HOSPITALI

Unatema damu, hata kidogo. Huwezi kumaliza sentensi bila kuhema. Midomo au kucha zimekuwa bluu, au kale kamashine ka kidoleni ka kupima oksijeni kanasoma chini ya 90. Mgonjwa amechanganyikiwa au analala lala mchana na haamki vizuri. Makohozi yamebadilika ghafla yakawa mengi, ya kijani, na homa juu, hapo mara nyingi unahitaji antibayotiki na pengine vidonge vya prednisoloni vya kupunguza uvimbe wa njia za hewa kwa siku chache, ila anayeamua ni daktari na sio jirani aliyebakiwa na amoksilini. Unakonda na kutoka jasho usiku, hata kama TB ulipima mwaka juzi, rudi ukapime tena, kupona mara ya kwanza sio kinga.

Watoto sasa, kama nilivyogusa kwenye asali. Chini ya miaka 2 dawa hizi za kulegeza makohozi asipewe, Ufaransa walizipiga marufuku kwa umri huo mwaka 2010 baada ya kuonekana vifua vinazidi kubana, manake mtoto mdogo njia zake ni nyembamba na nguvu ya kukohoa hana, makohozi yakilegea ghafla yanamzidi. Mtoto anayepumua haraka, mbavu zinaingia ndani, anakataa kunyonya, huyo mtafutie bodaboda mwende kituoni sasa hivi, na chupa ya sirapu uliyomnywesha muibebe ili nesi aone ilikuwa na nini.